MUKAWA: UA LENYE HARUFU, MZIZI WENYE DAWA, NA NDUGU YAKE MWENYE SUMU

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Mwaka huu nimeombwa kuandika somo fupi juu ya mmea mmoja wa kwetu, nami nimeuchagua mukawa. Si mmea wa kutafutwa mbali. Ukishuka kutoka mji wa Embu kuelekea Siakago na Ishiara, au ukitoka Chuka kuteremka upande wa Tharaka, utaukuta vichakani, kandokando ya njia, juu ya vichuguu na penye mawe. Wengi wetu tumekula matunda yake tukichunga mbuzi. Lakini ukimwuliza mwanafunzi wa siku hizi mzizi wake unatibu nini, au mmea gani unafanana nao hata ukaweza kumwua mtu, atakukodolea macho tu.

Katika somo hili tutatazama mambo sita: mmea wenyewe, majina yake, matumizi yake ya kienyeji, ndugu yake mwenye sumu, yale ambayo wataalamu wa maabara wameyaona, na wajibu wetu sisi vijana. Mwisho kuna msamiati na maswali ya kujipima. Tafadhali usiruke sehemu ya nne. Hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

1. MMEA WENYEWE

Mukawa ni kichaka chenye miiba. Kwa kawaida hukua kufikia urefu wa mtu mzima au zaidi kidogo, na ukipata mti wa kuegemea hutambaa na kupanda mpaka kufikia mita tano hivi. Majani yake ni ya kijani kibichi kilichokolea, yanang'aa upande wa juu, na hukaa mawilimawili yakitazamana. Ukikata kijiti au kuchuma tunda bichi utaona utomvu mweupe kama maziwa, nao hunata vibaya. Kila aliyekula matunda haya mengi anajua jinsi midomo inavyogandana!

Mvua zinaponyesha, mukawa huchanua. Maua yake ni madogo, meupe kwa ndani na yenye wekundu wa zambarau kwa nje, nayo hukaa vishada vishada kwenye ncha za matawi. Harufu yake ni tamu sana, karibu sawa na ile ya yasmini. Watu wa Pwani wamesifu yasmini, afu na kilua kwa karne nyingi, nasi tunaosoma Kiswahili huku bara tumezoea kudhani kwamba ua la harufu nzuri ni lazima litoke Lamu au Mombasa. Jamani, pita karibu na mikawa iliyochanua jioni baada ya mvua, kisha uniambie kama milima na mabonde yetu hayana ua la kusifiwa.

Baada ya maua huja matunda ya mviringo, yenye upana wa sentimita moja hivi. Huanza yakiwa ya kijani, yakawa mekundu, na yakiiva kabisa huwa meusi yenye zambarau. Ndani mna mbegu chache bapa. Likiwa halijaiva huwa chachu na lenye utomvu. Likiiva huwa tamu.

Mmea huu haupo kwetu peke yetu. Huota sehemu nyingi za Afrika, Uarabuni, Bara Hindi na hata Australia. Hupenda mahali pakavu kiasi, na huvumilia ukame kuliko mimea mingi ya shambani. Ndiyo sababu Mbeere na Tharaka, ambako mahindi hukauka mara kwa mara, mukawa husimama tu.

2. MAJINA

Waembu, Wambeere, Wakikuyu na Wakamba huuita mukawa. Wamaasai huuita olamuriaki, Waluo ochuoga, na Waturkana ekamuria. Katika vitabu vya mimea vya Kiswahili utalikuta jina mtandamboo. Mimi nitatumia mukawa, maana ndilo jina tunalolijua nyumbani.

Wanasayansi nao wana jina lao. Zamani waliuita Carissa edulis. Sasa wengi wameuunganisha na Carissa spinarum. Neno edulis kwa Kilatini maana yake ni "wa kulika", na spinarum maana yake ni "wa miiba". Ukiyaunganisha maneno hayo mawili umepata sifa zote mbili: unalika, lakini unachoma!

Historia ya jina hilo la kwanza inasikitisha kidogo. Mtaalamu wa mimea aliyeandika habari zake aliitwa Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus. Alisafiri na msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark mwaka wa 1761, akauona mmea huu nchini Yemen. Mwaka wa 1763 alifariki huko huko Yemen kwa malaria, na maandishi yake yakachapishwa mwaka wa 1775 na mwenzake, Carsten Niebuhr, aliyekuwa amerudi nyumbani peke yake baada ya wenziwe wote kufa. Kumbe mmea aliouandika ni mmoja wa ile ambayo watu wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiichemsha kutibu homa ya namna hiyo hiyo! Sisemi kwamba ungemponya. Nasema tu kwamba mtu anaweza kuliandika jina la mmea vizuri sana, na bado asijue wenyeji wanaufanyia nini.

3. MATUMIZI YA KIENYEJI

Kwanza, chakula. Matunda huliwa na watoto, wachungaji na wasafiri, na ndege pia huyapenda. Yana vitamini C, na huweza kutengenezwa jemu. Wakati wa njaa, matunda ya porini kama haya yamewasaidia watu wengi kuvuka miezi migumu.

Pili, ua wa boma. Kwa sababu ya miiba yake, mukawa uliopandwa kwa mstari huwa ua mzuri ambao ng'ombe hapenyi na mwizi hafurahii. Mbuzi hula majani yake. Nyuki nao huyapenda maua, na asali ya Mbeere na Tharaka inatokana na vichaka vya namna hii. Anayefyeka kichaka asije akashangaa mzinga wake ukiwa mtupu.

Tatu, dawa, na hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Sehemu inayotumika zaidi ni mzizi. Mzizi wa mukawa una harufu kali na ladha inayouma ulimi kidogo. Kwa kawaida huoshwa, hupondwa au hukatwa vipande, kisha huchemshwa katika maji au katika supu ya nyama. Jamii mbalimbali za Kenya zimeutumia hivi:

(a) Kutuliza maumivu ya tumbo na kusaidia chakula kusagika.
(b) Kutibu kikohozi na maumivu ya kifua.
(c) Kutibu homa, hasa malaria.
(d) Kutibu magonjwa ya zinaa kama kisonono.
(e) Kuongeza nguvu mwilini. Wamaasai hutia mizizi ya miti ya dawa, ukiwamo huu, katika supu inayonywewa na vijana na wagonjwa wanaopata nafuu.

Zaidi ya hayo, kuna waliotia kipande cha mzizi ndani ya kibuyu cha maji ili maji yapate ladha nzuri, na wengine walichomeka mzizi katika paa la nyumba wakiamini kwamba hufukuza nyoka. Sina ushahidi kwamba nyoka anajali jambo hilo, lakini imani hiyo imeandikwa na wataalamu.

Mambo haya hayakuachwa yapotee yote. Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa kitabu chake juu ya mimea ya dawa ya Afrika Mashariki mwaka wa 1976, nacho kimechapishwa upya zaidi ya mara moja. Mwaka wa 1988 Bernard Riley na David Brokensha walitoa kitabu cha juzuu mbili juu ya Wambeere, na juzuu ya pili nzima inahusu majina ya mimea ya Mbeere na matumizi yake. Fikiri jambo hilo: juzuu nzima juu ya mimea ya sehemu moja ndogo ya nchi yetu! Nayo ilijazwa na maarifa waliyoyatoa wazee wetu, waume kwa wake, wengi wao wakiwa hawajawahi kuketi darasani.

4. NDUGU YAKE MWENYE SUMU

Sasa sikilizeni kwa makini. Mukawa uko katika ukoo wa mimea unaoitwa Apocynaceae. Ukoo huu una watoto wema na watoto watukutu. Ule mmea mdogo wenye maua ya waridi au meupe ambao hupandwa mbele ya nyumba, Catharanthus roseus, asili yake ni Madagaska, na kutoka kwake zimepatikana dawa mbili kubwa za kansa, vinblastini na vinkristini. Dawa hizo zimeokoa watoto wengi wenye kansa ya damu. Lakini ukoo huo huo una msunguti.

Msunguti ni mti au kichaka ambacho wataalamu hukiita Acokanthera schimperi. Wakamba huuita kivai, Wamijikenda mutsungu, Wamaasai olmorijoi. Huota katika nchi kavu yenye mawe, mara nyingi mahali pale pale unapoota mukawa. Majani yake hutazamana kama ya mukawa. Utomvu wake ni mweupe kama wa mukawa. Maua yake ni meupe yenye wekundu, na yananukia vizuri kama ya mukawa. Matunda yake yakiiva huwa ya zambarau iliyokaribia weusi, kama ya mukawa! Basi mtu asiye na habari atawezaje kujua?

Huu ndio mti wa sumu ya mishale. Watengenezaji walichemsha vipande vya mti na mizizi kwa saa nyingi mpaka vikatoa kitu cheusi kizito kama lami, wakakipaka kwenye kigumba cha mshale na kukifunga kwa ngozi kisikauke. Wakamba na Wagiriama walijulikana sana kwa ufundi huo, na wawindaji wa Mbeere na Tharaka nao walitumia mishale ya sumu. Hata tembo alianguka.

Sumu yenyewe huitwa ouabaini, neno lililotokana na jina la Kisomali la sumu hiyo, waabaayo. Mfaransa aitwaye Arnaud aliitenga mwaka wa 1888. Kazi yake mwilini ni hivi: katika kila chembe hai ya mwili kuna kitu mfano wa pampu ndogo, ambacho hutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Ouabaini huiziba pampu hiyo. Msuli wa moyo kwanza hujikaza kwa nguvu, kisha mapigo hupotea mpango, na mwishowe moyo husimama. Mdenmark Jens Skou aliyeigundua pampu hiyo mwaka wa 1957 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1997, na ouabaini ni mojawapo ya vitu vilivyosaidia kuthibitisha ugunduzi wake. Hivyo sumu ya wawindaji wa Afrika iliwafunza walimwengu jinsi mwili unavyofanya kazi.

Hata mnyama mmoja anaijua siri hii. Kuna panya mkubwa wa manyoya marefu, Lophiomys imhausi, ambaye hutafuna maganda ya msunguti na kujipaka mate yake kwenye manyoya ya ubavuni. Mbwa anayemng'ata huugua na pengine kufa. Watafiti walieleza jambo hilo mwaka wa 2011. Panya anajua mti huu ni upi. Je, mwanafunzi wa sekondari?

Wengine wenu mtaniuliza: mbona nyama ya mnyama aliyepigwa mshale iliweza kuliwa? Ni kweli. Sumu hii huingia vibaya zaidi kupitia damu kuliko kupitia tumbo, na wawindaji walikuwa wakiikata nyama iliyozunguka jeraha na kuitupa. Lakini msidanganyike. Mti huu una sumu nyingine pia, na watu waliokunywa maji yaliyochemshwa kwa mizizi au majani yake wamepoteza maisha. Ukimwona mtu ametapika na kulegea baada ya kunywa dawa ya mizizi asiyoijua, usikae kumwombea ushauri kijijini. Mkimbize hospitali, na uchukue kipande cha mmea alioutumia umwonyeshe daktari.

JINSI YA KUTOFAUTISHA

Miiba. Mukawa una miiba migumu iliyonyooka. Msunguti hauna miiba kabisa. Hii ndiyo alama kubwa. Hata hivyo, tawi moja la mukawa laweza kuwa na miiba michache, kwa hiyo tazama kichaka kizima wala si tawi moja.

Mahali pa maua. Maua ya mukawa huwa kwenye ncha za matawi. Ya msunguti hubanana kwenye makwapa ya majani, kando kando ya tawi.

Ukubwa wa tunda. Tunda la mukawa ni dogo, kama sentimita moja. La msunguti mara nyingi ni kubwa kuliko hilo.

Umbo. Msunguti huweza kuwa mti kamili wenye shina nene. Mukawa hubaki kichaka chenye matawi yaliyosukana.

Sasa angalieni jambo la maana. Alama hizi zote ziko juu ya ardhi. Dawa yenyewe ni mzizi, na mzizi uko chini. Ukiletewa mzizi uliokatwa vipande, umefungwa kwenye gazeti, sokoni au na rafiki, hakuna mwiba wa kutazama, hakuna ua, hakuna tunda. Umebaki na neno la aliyeuchimba tu. Zamani neno hilo lilitosha, kwa sababu aliyechimba alikuwa mzee aliyefunzwa tangu utotoni, na kijiji kizima kilimjua. Leo mchimbaji aweza kuwa kijana anayetafuta shilingi mia mbili, ambaye hakufunzwa na mtu yeyote.

Hapo ndipo ninapoona hatari ya kizazi chetu. Hatujasahau kila kitu. Tungesahau kila kitu tungekuwa salama, maana tusingechimba. Tumekumbuka nusu: "mzizi wa mukawa ni dawa". Nusu nyingine, yaani jinsi ya kuujua mukawa, wakati wa kuuchimba, kiasi cha kuchemsha, na nani asipewe, imebaki vichwani mwa wazee wachache. Ujuzi nusu ni kama kisu kisicho na mpini. Aliyekishika ndiye wa kwanza kukatwa.

5. MAABARA YANASEMA NINI?

Kuna watu wawili wanaokosea. Mmoja husema dawa zote za kienyeji ni ushirikina. Mwingine husema dawa za kienyeji haziwezi kudhuru kwa sababu ni za asili. Huyu wa pili tumekwisha kumjibu: msunguti nao ni wa asili! Tumjibu sasa wa kwanza.

Taasisi ya Utafiti wa Kitiba ya Kenya, KEMRI, iliyoanzishwa mwaka wa 1979, ina kituo kinachochunguza dawa za kienyeji. Mwaka wa 2006 watafiti wake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mizizi ya mukawa iliyochimbwa hapa hapa Kenya. Waliichemsha katika maji, kama wafanyavyo wazee, kisha wakaijaribu dhidi ya virusi vya herpesi, vile vinavyoleta malengelenge ya midomo na sehemu nyingine za mwili. Katika maabara, dawa hiyo ilizuia virusi visienee katika chembe hai. Walipowapa panya wa maabara walioambukizwa, ugonjwa ulichelewa kuanza na panya wakaishi muda mrefu kuliko wale ambao hawakupewa. Jambo la kufurahisha zaidi ni kwamba ilifanya kazi hata dhidi ya virusi vilivyokuwa sugu kwa dawa ya kawaida.

Nchini Ethiopia nako, watafiti walionyesha mwaka wa 2004 kwamba dawa iliyotolewa katika mukawa huwafanya panya waongeze mkojo, jambo linalolingana na matumizi ya wenyeji wa huko.

Je, tuseme basi mukawa umethibitishwa? La. Panya si mtu. Kutoka panya hadi kidonge cha hospitali kuna safari ndefu: kujua ni kemikali gani inayofanya kazi, kiasi gani ni salama, na kuwajaribia watu chini ya usimamizi. Matokeo haya yanatuambia kwamba wazee hawakuwa wakiota ndoto, kwamba walichokiona kinafaa kuchunguzwa. Hayatuambii tuache kupimwa malaria na kunywa mzizi badala yake. Mwenye homa kali aende zahanati apimwe damu. Malaria huua haraka, na siku tatu za kujaribu mizizi ni siku tatu zilizopotea.

Mfano mzuri ni wa daktari Mwingereza William Withering. Katika karne ya 18 alisikia habari za dawa ya kienyeji ya kutibu uvimbe wa maji mwilini. Hakuicheka, wala hakuinywa kipofu kipofu. Aligundua kwamba katika mchanganyiko ule mmea uliofanya kazi ni dijitali, akachunguza kipimo chake kwa miaka kumi hivi, akaandika kitabu mwaka wa 1785. Dijitali ni sumu ya moyo ya jamii moja na ile ya msunguti, lakini kwa kipimo sahihi imekuwa dawa ya moyo. Kinachotenganisha dawa na sumu, mara nyingi, ni kipimo. Na kipimo hakipatikani kwa kukisia kwa kiganja.

6. WAJIBU WETU

Kwanza, tuwaulize wazee tungali nao. Kuuliza si ujinga. Nenda likizoni na daftari. Mwulize nyanya au babu jina la mmea, matumizi yake, na hasa mwulize: "Mmea gani unafanana na huu, na nitautambuaje?" Swali hilo la mwisho ndilo husahauliwa na wengi wanaoandika habari za mitishamba. Msikilize kwa adabu, na ukimaliza mshukuru, maana amekupa mali.

Ni mali kweli, hata mbele ya sheria. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ilinde maarifa ya jamii juu ya mimea na viumbe wengine. Sheria ya kulinda maarifa ya kienyeji ilipitishwa mwaka wa 2016, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ina sehemu inayohusu dawa za kienyeji. Kwa hiyo mgeni akija kuuliza habari za mizizi, jamii ina haki ya kujua atazifanyia nini na nani atakayefaidika.

Pili, tuuhifadhi mmea wenyewe. Kuchuma jani hakuuui mukawa, lakini kuchimba mzizi huweza kuuua. Mchimbaji mwenye busara huchukua mizizi ya upande mmoja tu, huacha ule mkuu, na hufukia shimo. Siku hizi vichaka vinafyekwa kwa makaa na kwa mashamba mapya, na mukawa huondoka pamoja navyo. Dawa yake ni kupanda. Chukua matunda yaliyoiva kabisa, osha mbegu zitoke utomvu, uzipande zikiwa bado mbichi. Shule yetu ingeweza kuwa na ua wa mukawa upande wa shamba: ng'ombe wasingeingia, nyuki wangefurahi, na wanafunzi wa biolojia wangekuwa na kitu cha kuchora bila kwenda mbali.

Tatu, tusijitibu mabwenini. Najua kuna wanaorudi shuleni na vipande vya mizizi kwenye masanduku, wakimgawia kila anayelalamika tumbo. Nia ni njema, lakini mizizi ile haina jina wala kipimo. Mwenye tumbo aende kwa muuguzi wa shule. Na kama umekunywa dawa yoyote ya kienyeji nyumbani, mwambie muuguzi bila kuona haya, kwa sababu dawa mbili zaweza kugombana ndani ya mwili mmoja.

HITIMISHO

Wasomaji wapenzi, tumeona kwamba mukawa ni ua la kunusa, tunda la kula, ua wa kuzunguka boma, malisho ya nyuki na mzizi wa dawa. Tumeona pia kwamba una ndugu anayefanana naye kwa ua, jani, utomvu na rangi ya tunda, ambaye mwisho wake ni kaburi. Kati ya hao wawili kuna mwiba mmoja tu, na jicho la mtu aliyefunzwa. Mwiba Mungu ameuweka. Jicho ni juu yetu kulifunza.

MSAMIATI

Bapa: -enye umbo jembamba lililolala, lisilo la mviringo.
Boma: mahali palipozungushiwa ua, makao ya mtu na mifugo yake.
Chembe hai: sehemu ndogo kabisa ya mwili yenye uhai.
Kigumba: ncha ya chuma ya mshale.
Kisonono: ugonjwa wa zinaa unaosababisha usaha na maumivu wakati wa kukojoa.
Kishada: maua au matunda mengi yaliyoshikamana pamoja.
Sugu: -siyosikia dawa; -liyozoea.
Utomvu: maji mazito yatokayo kwenye mmea uliokatwa.

Angalia: neno "ua" lina maana mbili katika makala haya. Ua la kunusa, wingi wake ni maua. Ua wa boma, wingi wake ni nyua. Kuna na kitenzi "ua", kufisha. Mukawa una hizo mbili za kwanza. Msunguti una ua la kunusa, na kitenzi chake pia!

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja matumizi matatu ya mukawa yasiyohusu dawa.
2. Eleza tofauti nne kati ya mukawa na msunguti. Ni tofauti ipi unayoweza kuiona kwenye mzizi uliokwisha kukatwa vipande?
3. Kwa nini mwandishi anasema kwamba kukumbuka nusu ni hatari kuliko kusahau kabisa? Je, unakubaliana naye? Toa sababu.
4. Matokeo ya utafiti wa mwaka 2006 yanathibitisha nini, na hayathibitishi nini?
5. Tunga sentensi tatu ukitumia "ua" kwa maana zake tatu.
6. Kazi ya likizo: mwulize mzee wa kijijini kwenu jina la mukawa kwa lugha ya nyumbani, na majina ya mimea miwili inayofanana nao. Lete majibu katika mkutano wa kwanza wa chama muhula ujao.